Kitwitwi wa Siku ya Mwisho

Ufuo usiopigwa picha ya ndege mhamaji aliye hai kabla ya Oktoba kwisha ulihesabiwa umekufa, na wakazi wake walihamishwa bara. Ndiyo iliyokuwa sheria. Kadzo, aliyekabidhiwa kamera ya kijiji, alishinda mwezi mzima kifudifudi kwenye tope la mikoko bila kuona hata unyoya. Siku ya mwisho, maji yalipokupwa, kitwitwi mmoja, ndege mdogo mhamaji wa pwani, alishuka.

Alikuwa amekonda, bawa moja likiburutika. Kadzo aliinua kamera, na kabla hajabonyeza, ndege akalala ubavu, akatulia.

Alimwendea akitambaa. Mwili ulikuwa ungali na joto. Kadzo akaangaza huku na huku, hakuona mtu. Akachomeka vijiti viwili topeni, akamsimamisha ndege, akamwinamisha mdomo kama anayedonoa, kisha akarudi nyuma na kupiga picha. Kamera iliikagua picha, halafu ikasema, "Imekubaliwa. Ufuo uko hai."

Nyumbani, mama mkwe wake, ambaye alikuwa haoni, alishafunga vyombo vyote. Aliposikia habari alilia kwa furaha, akaanza kuvifungua kwa kupapasa.

"Alikuwa akitembea?" aliuliza.

"Alitembea, mama."

"Mungu ashukuriwe! Basi kesho nishike mkono unipeleke. Miaka mingapi sijamsikia kitwitwi akilia!"

Kadzo alikuwa akinawa tope.

"Tutaenda, mama," alisema, akaendelea kunawa mikono iliyokwisha takata.