Paka Aliyefuata Gauni

Paka alikuwa amelala juu ya gauni la marehemu, na fundi alilihitaji gauni hilo ili akate jingine.

"Kanifuata tangu nyumbani," alisema mama mwenye nyumba, aliyekuja kutoka ng'ambo ya reli akitweta. "Ni wa marehemu, mpangaji wangu. Nimemtishia kwa jiwe, wapi! Anafuata gauni tu."

Fundi alilivuta gauni polepole. Paka akavutwa nalo, kitambaa chake cha buluu kilichochakaa kikimning'inia shingoni. Mwishowe fundi akapima hivyo hivyo, futikamba ikipita chini ya tumbo la mnyama, akaandika ubaoni kwa chaki: bega, kifua, kiuno, urefu. Lilikuwa gauni la dukani, limepauka mabegani. Hakuuliza ni la nani. Kwa nguo za maziko hakuwa akiuliza jina. Zamani aliuliza, akawa anashona huku analia, na mishono ikaenda mrama. Siku hizi alichukua vipimo, basi.

"Kiuno chembamba hivi?" alisema.

"Ndivyo alivyokuwa, baba, na kaugua. Wiki tatu tu. Mpangaji wa miezi minne, mpole, hana makelele. Kila Jumapili alikuwa anavuka reli kuja upande huu, anarudi mikono mitupu. Nikimuuliza alikwenda wapi, anacheka. Ndugu sijawaona. Aliniambia baba yake alishakufa."

Fundi alitikisa kichwa. "Maskini. Mtu unakosa hata baba wa kukuzika!"

Akamwambia asihangaike na malipo, atalishona bure. Alijiona mtu mwema, na ilikuwa zamani tangu ajione hivyo.

Akanyoosha mkono ukutani bila kutazama, akatwaa mkasi, kitambaa kikagoma kukatika. Akasonya. Ulikuwa ule wa mkono wa kushoto, ambao hakuna tena mtu humo ndani aliyeuweza, na ambao mkewe aliupaka mafuta kila mwezi usishike kutu. Akaurudisha msumarini, akachukua wake.

Kufika adhuhuri gauni jeupe lilikuwa tayari, na mwenye nyumba akaondoka nalo mbio. Lile la zamani likasahaulika mezani, paka juu yake.

"Huyu si wetu," fundi alimwambia mkewe.

"Amekuja mwenyewe."

"Basi ataondoka mwenyewe."

Hakuondoka. Fundi alimtoa kwa mlango wa mbele, paka akarudi kwa dirisha la uani. Akamfungia nje, mkewe akamfungulia. Paka alilala ndani ya koti la mteja mmoja mpaka mteja akauliza kama manyoya yanatozwa kando. Wiki ilipita hivyo, wazee wawili wakigombania mnyama asiye na habari nao.

Zamani fundi alimwita mkewe kwa jina la binti yao, Mama Fulani, kama watu wengine wote. Miaka sita iliyopita binti huyo alimwambia mteja, mbele ya watu, kwamba bitana ya suti yake mpya imetolewa kwenye suti kuukuu. Ilikuwa kweli tupu. Fundi akamtoa binti nje na begi lake, akapiga marufuku jina lake lisitajwe nyumbani mpaka arudi kuomba radhi. Hakurudi, na fundi akabaki hana jina la kumwita mkewe. Alimwita "wewe", naye akaitwa "wewe".

"Wewe," alisema siku ya nane. "Kesho nampeleka sokoni, nikamwache huko huko."

Mkewe aliweka sufuria chini. "Umeshamtoa mmoja kwa mlango huu, nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza. Huyu akitoka, natoka naye."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia fundi hofu. Alikaa kwenye stuli, akamtazama paka. Fundi alikuwa na kiburi, lakini alikuwa amekichoka. Na ukweli ni kwamba asubuhi zile alikuwa akifungua chumba cha cherehani mapema kidogo ili amkute.

"Haya, akae," alisema. "Lakini si na hilo tambara shingoni. Paka wa fundi avae tambara, watu watasemaje?"

Mkewe alirudi jikoni, na punde akasikika akiimba, chini chini, kama mtu anayejaribu sauti aliyoiweka kabatini.

Fundi alimpakata paka, akaukata ukanda wa buluu kwa ncha ya mkasi. Akaugeuza ndani nje, kama alivyogeuza kila nguo iliyopita mikononi mwa fundi mwingine, apate cha kucheka.

Hakucheka. Uzi ulikuwa umerudiwa mara mbili na fundo kufichwa ndani ya pindo, namna alivyofundishwa na baba yake, na namna alivyomfundisha mtu mmoja tu, miaka mitano, akimpiga vidole kwa rula ili ashike sindano kwa mkono wa kulia. Mishono yote ililala kushoto, kazi ya mkono wa kushoto.

"Baba!" mkewe aliita kutoka jikoni, neno alilokuwa hajalitamka kwa miaka sita. "Tumpe jina gani?"

Ubaoni chaki ilikuwa bado inasomeka: bega, kifua, kiuno, urefu. Fundi alichukua kitambaa cha kufutia, akafuta mstari mmoja mmoja mpaka ubao ukawa mweusi.

"Paka hahitaji jina," alijibu.