Nungunungu Aliyetaka Kuvuka

Nungunungu aliomba kibali cha kuvuka mto, kwa kuwa mwanawe alikuwa mgonjwa ng'ambo na hakuwa na wa kumnywesha maji. Nyegere, mlinzi wa kivuko, alimkatalia.

"Kwa nini, bwana?"

"Usalama."

"Nimefanya nini?"

"Nikikwambia, huo usalama utabaki wapi?"

Nungunungu akaenda kushtaki kwa Korongo, hakimu wa mto. Korongo alimwita Nyegere mbele ya baraza na kumwinamishia shingo. "Ninong'oneze hiyo sababu."

Nyegere alinong'ona kwamba Kasuku, mpelelezi wake, alimweleza kuwa mama huyu anaiba.

Kasuku aliitwa, akaulizwa.

"Mimi, Mheshimiwa? Nilisema ana miiba! Mzee huyu alikuwa anatafuna masega ya asali, akasikia anaiba."

Baraza zima liliangua kicheko. Nungunungu hakucheka. Alikuwa anautazama mto.

"Uamuzi wa Nyegere nimeufuta," alisema Korongo. "Lakini kutoa vibali si kazi yangu. Aamue upya, na safari hii afuate maneno aliyoambiwa na Kasuku."

Nungunungu alikimbia hadi kivukoni, akamkuta Nyegere amekwishafika. Nyegere alimzunguka polepole, akiukagua mwiba mmoja baada ya mwingine.

"Samahani, mama," alisema. "Kumbe nilikosea. Nilidhani wewe ni mwizi tu, kumbe una silaha mgongo mzima. Huvuki."