Nahodha wa Kofia ya Kijani

Mtunza stoo alimsukuma Buluu mtoni bila hata kupepesa jicho.

Kwenye kioo kilichofunika ukuta mzima, kikaragosi mwenye kofia ya buluu alizama, boti ikapata nafuu, wimbi likapita. Mahali fulani nyuma ya kuta bomba lilifoka na mtu akakohoa. Mtunza stoo akafuta viganja kwenye suruali. Kazi ni kazi.

Yale yalikuwa maonyesho ya sanaa, ingawa hapakuwa na picha hata moja iliyotundikwa. Msanii aliugawa ukumbi vyumba vinne, kila kimoja na kioo chake, kipaza sauti chake na sakafu inayoyumba, ili watu wacheze gemu na roho zao zionekane. Mwongozaji, binti mmoja mcheshi, aliwaeleza kabla ya kuwafungia: "Mto umefurika, boti imezidiwa. Kila wimbi kubwa likija, nahodha anachagua wa kumtosa, au anajitosa mwenyewe. Aliyetoswa analoweshwa kweli, halafu anapanda tena. Nani ana kofia gani, hamtajua mpaka mtoke."

Wazo la kuja lilikuwa la bosi. Nafasi ya mkuu wa ugavi ilikuwa wazi, jibu lingetoka Jumatatu, na bosi alisema amechoka kuwasikiliza watu wakijisifu, anataka kuwaona. Akawachukua mtunza stoo, dereva, na mama wa chai, ambaye pia ndiye aliyekuwa akideki ofisi nzima, naye mwenyewe akaingia mchezoni kuwa wa nne. Kati ya hao watatu, aliyeitaka ile nafasi ni mtunza stoo peke yake. Aliitaka mpaka usingizini, na mkewe alikuwa ameshawatangazia dada zake.

Kura ikampa kofia ya kijani, na kijani ndiye nahodha. Akaona nyota yake imeng'aa. Kilichobaki ni kumtambua bosi na kumfikisha ng'ambo akiwa mkavu. Mitambo iligeuza sauti za wote zikawa nyembamba kama za vifaranga, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Njano alikuwa amelala kwenye kona ya boti tangu safari ianze. Huyo dereva, hakuna ubishi. Nyekundu alisimama katikati, mikono kiunoni, akitoa amri. "Inueni miguu! Nani kaiacha hii kamba njiani?" Buluu aliinama. Aliokota ndoo akawa anachota maji na kuyamwaga nje, anachota na kumwaga. Ndoo! Mtunza stoo alicheka peke yake. Pale ofisini, mtu wa ndoo si anajulikana?

Ndiyo maana wimbi la kwanza lilimpata Buluu. Dereva humpa lifti kila Ijumaa, hatoseki. Mama wa chai maji si mageni kwake, na ana roho nzuri, atasamehe. Kuhusu kujitosa mwenyewe, mtunza stoo alikuwa amevaa shati jipya.

Buluu akapanda tena, akachuruzika maji. "Si neno," akasema, akaishika ndoo yake.

Mtunza stoo akakisogelea kipaza sauti. "Mkuu, umesimama vizuri hapo?"

Nyekundu akageuka. "Mkuu? Hilo nimelipenda. Hebu nisogezee kile kiti."

Kiti kikasogezwa. Nyekundu akakaa, akakunja nne, akaagiza ile kamba izungushwe vizuri na kuwekwa mahali pake. Ikazungushwa. Boti ilikuwa ikienda upande muda wote huo, lakini nahodha alikuwa na mambo makubwa zaidi ya usukani.

Wimbi la pili, Buluu tena.

"We nahodha!" Nyekundu akang'aka. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Humu anayefanya kazi ni huyu tu. Mbona unamtosa yeye kila mara?"

Mtunza stoo akajua anapimwa. Kiongozi hayumbishwi. "Ni kwa usalama wako, mkuu."

"Mh," akasema Nyekundu. "Haya."

Wimbi la tatu lilikuja likiwa limejaza kioo chote, sakafu ikarusha mateke kama farasi. Kabla nahodha hajachagua, Buluu aliiweka ndoo chini akainua mkono. "Nitose mimi tu, ndugu yangu. Wenzangu bado wakavu."

Hapo mtunza stoo aliona haya. Kweli aliona, masikio yakamwaka moto, na kwa kitambo kidogo akawaza habari ya kuruka yeye. Kisha akawakumbuka dada za mkewe, akasukuma.

Boti ikagusa ukingo, taa zikawaka, na mlango wa chumba chake ukafunguka wa kwanza kwa sababu ndiye nahodha. Akatoka mbio. Mwongozaji alikuwa amesimama ukumbini na taulo moja mkononi. Akalichukua bila kuomba, bosi asije akawa amerukiwa na matone, akaenda kusimama mbele ya mlango wenye taa nyekundu. Alipanga kola, akalikunjua taulo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo. Maneno alikuwa nayo tayari: karibu nchi kavu, mkuu.

Mlango ukafunguka. Akatoka mama wa chai, mkavu, mikono kiunoni.

"Kumbe ni wewe, mwanangu?" akasema. "Umenitunza, Mungu akubariki."

Nyuma yake vikaja viatu vilivyojaa maji, chwa, chwa, chwa, na sauti aliyoijua vizuri ikauliza kama taulo lile lina mwenyewe.