Mnong'ono Chini ya Kuba

Haya, tega sikio nikutegee: bakuli kubwa limefunikwa kileleni mwa mlima, ukinong'ona ukingo huu, ukingo wa pili unasikia. Ni nini hicho?

Umeshindwa? Ni kuba la kanisa la hija. Waliolijenga walilizungusha vizuri mno, basi neno ukilisemea kwenye ukuta wa mashariki, chini ya sanamu ya Bikira Maria, linatambaa juu ya mawe mpaka linashukia nguzo ya magharibi. Aliyeijua siri hiyo ni mmoja tu, bibi mfagiaji.

Zamani ndiye aliyeshika funguo. Kisha mtoto wa miaka minne akapanda ngazi za mnara wa kengele, akaanguka, akafa. Padri akamnyang'anya bibi funguo, akamwachia ufagio. Bibi hakujitetea hata kwa neno moja. Mahujaji wakambandika jina: Bi Funguo.

Mama wa mtoto alipanda mlima kila mwaka, miaka kumi na tisa sasa. Alipiga magoti mbele ya sanamu, akauliza lile lile: "Nani aliufungua mlango wa mnara?" Kule nguzoni ufagio ulisimama. Jibu halikuja.

Mwaka huu alifika akihema, kitambaa kimelowa jasho.

"Jamani, humu mbona hamna hewa!" Akausukuma mlango wa pembeni, akauacha wazi, akapita zake. "Shikamoo, Bi Funguo. Kumbe bado upo?"

"Marahaba, mwanangu. Kifo kinaogopa vumbi langu."

Bibi akaurudishia ule mlango, akaenda nguzoni kwake. Mnong'ono ukamfikia, wa baridi, kama unatoka ndani ya jiwe lenyewe.

"Mama Maria, magoti yamekwisha, sitapanda tena. Watu wanasema ni mwenye funguo. Moyo wangu unasema ni mwanangu mkubwa, kaka wa marehemu. Siku ile alikuwa akichezea kitasa. Mpaka leo, mtu mzima na ndevu zake, analia na kuapa si yeye. Usiponijibu, nikifika nyumbani namlaani, na radhi yangu hataipata hata nikiwa kaburini. Nani aliufungua?"

Ufagio ukamponyoka bibi. Akalishika jiwe kwa mikono miwili, akalisogezea midomo.

"Ni wewe, mwanangu. Nilikuona, nikakusitiri."