Taa ya Profesa Estournel

Mnageuza nyuso. Kila wiki mnapita nje ya hospitali ile hapa Paris, mnawaona mabwana wakiteremka kwenye magari ya farasi kwenda kutazama wanawake wakilazwa usingizi wa macho wazi kwa mwanga wa taa, na ghafla mnaanza kukagua viatu vyenu. Basi leo tazameni.

Zélie Ravaud, dobi, alikuwa wa pili kwenye benchi la wagonjwa. Madaktari walikwisha kumpiga picha mpaka wakachoka, ila hakuna aliyewahi kumwuliza hata jina la mamaye. Wa kwanza alikuwa Philomène, jirani yake wa kitanda.

"Shoga, leo unaposwa na taa," Zélie alimtania.

"Nyamaza wewe! Nikipepesa macho je?"

Jibu walilijua wote wawili. Aliyepepesa alihesabiwa mwongo, na waongo walipelekwa jengo la nyuma, kwa wendawazimu wasiotoka.

Taa ya umeme ikavuma. Philomène akapepesa, machozi yakamtiririka. Wauguzi wakamburuta huku anapiga mayowe. Bwana mmoja wa mstari wa mbele akapiga miayo.

"Aje mwingine," akasema Profesa Estournel.

Zélie akakaa. Profesa akamziba jicho la kushoto kwa kiganja, la kulia akalifumbua kwa kidole gumba, akalielekeza kwenye taa. Zélie akatega sikio. Taa ilipovuma, akakaza mkono wa kulia, mguu wa kulia, hata shavu la kulia. Upande wa kushoto akaulegeza kama shuka lililolowa.

"Mabwana! Mwanga umeingia jicho la kulia, ukakamata nusu ya mwili! Oneni mboni: haisinyai, haitikisiki. Chozi hakuna. Nani atasema huyu anaigiza?"

Mpiga picha akapiga picha yake, makofi yakalia, na daktari mmoja mzee akatokwa na machozi kwa utamu wa sayansi.

"Huyu abaki," akaamuru Profesa. "Mpeni kitanda cha dirishani."

"Ahsante, Bwana Profesa," Zélie akajibu kwa unyonge.

Alipofika kitandani aliinama, akakinga kiganja, akalichopoa jicho la kulia na kulitumbukiza kwenye bilauri ya maji. Likagonga chini, kioo kwa kioo.

Msicheke. Jengo la nyuma limejaa wenye macho mawili mazima. Inukeni sasa hivi, mkauvunje mlango wake.