Likizo za Luhende na Favour

"Luhende hafungiwi ndani ya geti mwaka mzima kama mbwa wa mlinzi!" alisema Bi Malimi, akaitua soda yake mezani kwa kishindo hadi povu likapanda shingoni mwa chupa.

Sebule ya Mama Justa pale Butimba ilikuwa imejaa pomoni. Upande wa dirishani walibanana watu wa Bujora, waliotoka kwao alfajiri wakiwa wamependeza kuliko siku ya Pasaka. Upande wa televisheni walikaa wenyeji. Waliokosa viti walikalia makreti ya soda, na waliokosa makreti walisimama mlangoni, maana maneno kama haya nani anataka kusimuliwa?

"Mama Nathaniel," akajibu Mama Justa, Mjaluo wa Mara mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa, "mtoto lazima asome. Huko kwenu atasoma nini? Mikia ya ng'ombe?"

"Mikia hiyohiyo ndiyo iliyomsomesha Nathaniel!"

Watu wa Bujora wakapiga makofi. Nathaniel, msomi wa mikia, akainamia viatu vyake na kujifuta jasho. Justa alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Tangu wageni wafike hakuonyesha hata kisigino. Kijana wa watu alikuwa akiuibia jicho mlango ule kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

Mzee Mashimba, msemaji wa upande wa Bujora, akakohoa. "Jamani, naomba kwanza tuanze na lile..."

"Subiri kidogo, mzee!" wakamkata akina mama wote wawili kwa pamoja. Hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu asubuhi.

Kilichomchoma Bi Malimi kilikuwa hiki. Watoto wake wengine walihamia Dar, wakazaa hukohuko. Siku wajukuu walipoletwa Bujora walijifungia kwenye gari, vioo juu, wakiogopa kuku. Mmoja alimpungia bibi yake mkono na kumwambia "hai". Hai! Shikamoo hana. Siku ile Bi Malimi aliapa kwamba Luhende, mwenye jina la marehemu mumewe, hataingia kundi hilo. Kama leo watamkatalia, atawainua watu wake wote warudi kwao, pilau wale wenyewe.

"Nijibu basi," akasema. "Luhende anajua kukamua?"

"Hajui," Mama Justa akakiri.

"Ukimwambia mwangaluka, salamu ya asubuhi tu hiyo, anaitikia?"

"Haitikii."

"Ameshakanyaga Bujora hata siku moja?"

"Hajakanyaga."

"Mnaona!" Bi Malimi akawageukia watu kama wakili aliyeshinda kesi. "Na yule Fevali je?"

"Favour."

"Huyohuyo Fevali. Atajua lini kutwanga?"

"Kwani mashine za kusaga zimekufa? Favour ataogelea kwenye bwawa la maji ya bluu. Atapanda zile ngazi zinazotembea zenyewe."

"Ziwa lote hili, mtoto akaogelee kwenye maji ya kutiwa rangi! Halafu ngazi itembee, yeye asimame. Ndiyo maana huku mjini mna vitambi!"

Hapo hata wa Butimba wakashindwa kujizuia. Shangazi mmoja, mwenye mwili wake, alicheka mpaka kreti likamkimbia, akaketi sakafuni na sahani ya karanga mkononi, asimwage hata moja. Wakamshangilia.

Kicheko kilipopoa, Mama Justa akavuta kiti chake karibu.

"Nikwambie ukweli, mwenzangu? Mimi nilikulia mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inakoshushia samaki. Nilipara sato kabla sijajua kuandika a. Lakini Justa sikumpa hayo. Mpaka leo ukimshikisha samaki mzima anapiga yowe."

"Mama yangu! Yowe la sato?"

"La sato. Sasa sitaki Luhende apige yowe."

"Asipige!" akasema Bi Malimi, na sauti yake ikalainika ghafla. "Basi asome hapa. Sikatai shule. Ila kila likizo namtaka. Alale kwangu, apate vumbi, aumwe na mbu wawili watatu, ajue mvua inanukaje kabla haijafika."

"Mchukue. Lakini Krismasi ni yangu."

"Krismasi? Thubutu!"

Vita ikaanza upya. Krismasi ikavutwa huku na huku kama ngozi ya ngoma, hadi ikaamuliwa iwe ya zamu. Pasaka ikabaki Butimba. Maziwa yatashuka kutoka Bujora kila wiki, sato watapanda.

"Na ndama wake nimeshamtenga," Bi Malimi akaongeza. "Mwekundu, ana nyota usoni."

"Na Favour?"

"Fevali naye ana wake. Mimi si mbaguzi!"

Vigelegele vikapasuka mpaka majirani wakachungulia uani. Akina mama wakakumbatiana, wakayumba pamoja katikati ya sebule, soda zikafunguliwa upya. Bi Malimi akajitupa kitini, macho yamelowa, masikioni akisikia tayari vishindo vya miguu midogo uani kwake.

"Haya, Mzee Mashimba," akasema, akijipepea kwa upindo wa kitenge. "Ulikuwa unasemaje?"

Mzee Mashimba akasimama, akalivuta koti lake likae sawa.

"Wenye nyumba, tulichojia ni hiki. Kijana wetu huyu, Nathaniel, ameona ua humu ndani mwenu, na tumekuja kuomba kulichuma."

Shangazi akatumwa chumbani kumwuliza Justa, ambaye alikuwa hajaposwa bado sembuse kuzaa, kama kijana huyo anamfahamu.