Mlango Unaosalimu

Kila zahanati sasa ilikaguliwa na mlango wake. Mlango ulimsalimu anayekuja, ukayaandika maneno yake, na aliyejibu kuwa mzima haukumfungulia, maana zahanati iliyotibu wazima ilishushwa daraja. Bi Mizawa alikuwa amerudishwa mara mbili, na miguu imemvimba hata viatu havimwingii.

"Leo ukiulizwa hujambo, sema unaumwa," bintiye Siwatu alimsihi njiani. "Usianze na sijambo, mama."

"Nisalimiwe vizuri, nami nianze kumlilia mtu usoni? Kwanza sijambo, ndipo shida. Hata wewe nilikufundisha hivyo."

"Lakini ule si mtu."

"Basi mlango huo una adabu kuwashinda ninyi."

Wakafika. "Hujambo, mama?" mlango ukauliza kwa sauti laini.

Bi Mizawa akamwegemea binti yake, pumzi zikimpaa.

"Naumwa," mama akasema, macho chini kwa aibu.

Mlango ukafunguka. Daktari alimkalisha, akamsikiliza moyo, akaguna. "Mngekaa wiki moja zaidi, mngemkosa."

Baada ya siku nne za dawa, uvimbe ulianza kushuka. Asubuhi Siwatu akampelekea chai kitandani.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

Mama akafikiri kwanza. "Mguu wa kushoto umepungua. Wa kulia unachoma. Usingizi nimepata nusu."

Siwatu akabaki amesimama na kikombe, akingoja naye aulizwe ameamkaje. Mama alikuwa amekwisha kugeukia ukutani.